Maziko ya Toleo la Sita

Ukitaka kumjua mtu wa mji wa Solo, kule Java, usimsikilize akiwa amekaa sebuleni kwako. Sebuleni atasifu chai, atasifu watoto, atasifu hata paka aliyemkwaruza. Msindikize mlangoni. Akishavaa ndala, mkono mmoja umeshika lango, hapo ndipo atakapolitamka lililomleta. Kinasih alizaliwa Solo na kukulia Solo, na jambo hili alilijua tangu hajaota meno. Ila mwaka ule lilimtoka kichwani, na nusura limkoseshe mume.

Kinasih alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Siku za kazi aliwaandikia watu wa benki huko Jakarta, lakini Jumamosi zote zilikuwa za Petung. Petung ilikuwa programu ya bure aliyoitunga na mwenzake Teguh, na kazi yake ni kuhesabu siku za Kijava. Maana kwa Wajava siku saba za wiki hutembea bega kwa bega na siku tano za soko, Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon, na mtu mwenye akili zake haozi, hachimbi kisima wala hafungui duka kabla ya kujua siku ipi imeandamana na ipi. Wachapaji wa kadi waliitumia, wapambaji wa maharusi waliitumia, wakodishaji wa maturubai pia. Hata mlinzi mmoja wa makaburi kule Wonogiri aliwahi kuwaandikia kuwashukuru, akawakaribisha wafike, nao wakasema asante, hakuna haraka.

Sasa shida ilikuwa moja. Petung iliandikwa kwa Python, na lugha hiyo, kama lugha zote za kompyuta, haitulii. Kila mwaka huja na toleo jipya lenye vitu vipya. Kinasih alitaka vile vipya. Lakini wako watumiaji ambao kompyuta zao zilibaki kwenye toleo la sita, la zamani, kwa hiyo kila alipoandika jambo kwa ajili ya wengine, ilimlazimu aliandike tena kwa ajili yao. Alikuwa kama mpishi wa sherehe ambaye kando ya kila sufuria ya wali lazima atenge kijisufuria cha mgonjwa asiyekula chumvi. Na mwezi ule Kinasih hakuwa na subira ya vijisufuria, kwa sababu alikuwa anaolewa. Alikwisha mwahidi Galih, mchumba wake, kwamba wakioana Jumamosi zitakuwa zao wawili.

"Tulizike," alimwambia Teguh.

"Tumzike nani tena?"

"Toleo la sita. Walioitunga lugha wenyewe walishalizika zamani, hawalizibi tena hata likivuja. Sisi tunakesha na maiti ya nini?"

Teguh alikuwa mtu mnene na mpole, mlaji hodari kuliko alivyokuwa mwandishi, na hakuwahi kujibu swali akiwa na kitu mdomoni. Alimeza kwanza kipande chake cha tempe, soya ya kukaanga iliyochomekwa kijitini. "Na wanaolitumia?"

"Nani analitumia mpaka leo?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, Mbak. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Basi tutawauliza. Mwenye pingamizi aseme."

"Aseme?" Teguh aliweka kijiti chake chini. "Watu wa hapa hapa? Waseme?"

"Guh, hii ni programu, siyo posa."

Akaandika tangazo, akaliweka kwenye ukurasa wa Petung na kwenye kikundi cha WhatsApp cha watumiaji. Lilisema kwamba Petung ijayo haitafanya kazi kwenye toleo la sita, na kwamba mwenye pingamizi aseme kabla siku za soko na siku za wiki hazijamaliza mzunguko wao mmoja wa siku thelathini na tano. Likaongeza habari njema. Kwa Wajava, siku mpya huingia jua likizama, lakini Petung ya zamani ilihesabu kuanzia usiku wa manane kama saa ya serikali, kwa hiyo mwenye shughuli ya jioni alilazimika kukumbuka kuongeza siku moja kwa mkono. Petung mpya itajua yenyewe jua limezama au la. "Kwa hiyo mkishabonyeza kitufe cha kusasisha," aliandika Kinasih kwa furaha, "tafadhali msiongeze siku tena kwa mkono."

Majibu yakamiminika. Madole gumba, viganja vilivyounganishwa, maua. Bu Warsi, yaani Mama Warsi, naye aliandika: "Inggih, Nduk. Ndiyo, vyema sana. Tunashukuru." Kinasih akafurahi kuliko kwa majibu yote, maana Bu Warsi, mjane mwenye duka la kuchapisha kadi mtaa wa Laweyan, alikuwa mama yake Galih. Na "Nduk" ni neno la kumwita binti wa nyumbani, si kama "Mbak", yaani dada, aitwavyo hata mpita njia.

Mzunguko ukaisha. Hakuna hata mmoja aliyepinga.

"Umeona?" alisema Kinasih.

"Nimeona," alisema Teguh, "na ndicho kinachonitia baridi. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Lakini maziko ni maziko, na Teguh hakuwa mtu wa kukosa shughuli yenye chakula. Alikuja na mlima mdogo wa wali wa manjano uliozungushiwa kuku, mayai na maharage mabichi, akaombea safari njema ya toleo la sita, akamshukuru marehemu kwa utumishi wake, kisha akamkatia Kinasih kilele cha wali. Kinasih alikula kwa mkono mmoja na kufuta kwa mkono mwingine. Mistari na mistari ya msimbo wa zamani ilipotea, programu ikawa nyepesi, naye akacheka peke yake kama mtu aliyeota amerudi shule akakuta mitihani imefutwa. Siku hiyo alimpigia Galih simu akamwambia, "Mas, Jumamosi zetu hizo zinakuja."

Tarehe ya harusi ilikwisha pangwa na ami yake Galih, mzee mwenye kuheshimu hesabu. Ndoa ingefungwa Ijumaa baada ya magharibi. Ami alisisitiza hilo la baada ya magharibi, akalisisitiza tena, kwa sababu mchana wa Ijumaa ile ulikuwa Ijumaa Legi, na Ijumaa Legi ndiyo siku aliyofariki baba yake Galih. Katika ukoo ule hakuna anayethubutu kuoa siku aliyofia mzazi. Ila jua likishazama, Ijumaa Legi imekwenda zake na Jumamosi Pahing imeingia, siku safi isiyo na doa. Kinasih alijua yote hayo. Kwenye dua ya mwisho ya kumkumbuka marehemu, yeye ndiye aliyekaanga kerupuk, zile kaki nyepesi za unga, tangu asubuhi mpaka nywele zake zikanuka mafuta.

Kadi, bila shaka, zingechapishwa kwa Bu Warsi. Wiki ikapita, kadi hazikuonekana. Kinasih akaenda Laweyan kuuliza.

Siku zote alipofika pale, Bu Warsi hakuinua hata macho kutoka kwenye mashine yake. Alipaza sauti tu: "Chai iko jikoni, Nduk, jitengenezee!" Naye Kinasih angeingia jikoni pekupeku, akatafuta sukari alikojua iliko, akarudi kukaa juu ya marundo ya karatasi. Siku hiyo Bu Warsi alisimama. Alijifuta wino mikononi, akampeleka sebuleni, akamkalisha kwenye kiti kikubwa, na chai ikaletwa kwenye bilauri yenye kifuniko, juu ya sahani, pamoja na biskuti za bati.

"Karibu unywe, Mbak Kinasih," alisema Bu Warsi.

Mbak! Si Nduk tena. Kinasih aliinua kifuniko cha bilauri, akakirudisha pale pale.

"Kadi zinaendeleaje, Bu?"

"Aa, karatasi bado. Hakuna haraka. Mbak usijisumbue."

"Ami hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Onja biskuti."

Wakazungumza habari za mvua. Wakazungumza habari za bei ya pilipili. Bu Warsi alikuwa mpole kupita kiasi, na kila alipozidi upole ndivyo Kinasih alivyozidi kusikia anasukumwa nje ya nyumba ile, taratibu, kwa mkono laini. Akaaga. Langoni Bu Warsi alitabasamu tu, macho yamemjaa maji, akasema, "Barabara ina mashimo, uendeshe polepole."

Galih naye alikuwa amebadilika. Alipoulizwa kwenye simu kuna nini, alisema, "Dik, wewe fanya unavyoona moyo wako unataka. Mimi sitakulazimisha."

"Kunilazimisha nini, Mas?"

"Aa, basi tu. Umekula?"

Kinasih alilia siku ile, tena alilia kwa sauti, mto mdomoni ili mama yake asimsikie. Alimpenda Galih, mwanamume asiye na makuu, anayecheka mwenyewe kabla hajamaliza kusimulia kichekesho. Alimpenda na mama yake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Hakujua amekosa nini. Na kuuliza moja kwa moja ilikuwa aibu, na katika mji ule aibu ina nguvu kuliko njaa.

Jumamosi iliyofuata Teguh alimkuta macho yamevimba. Hakuuliza, alimsogezea tu sahani ya serabi za moto, vibibi vya unga wa mchele. Kisha akasema, "Mbak, nina habari, lakini kula kwanza."

"Sema."

"Kula."

Kinasih akala moja.

"Petung kila ikifunguliwa huja kwetu kuchukua orodha ya sikukuu, si ndiyo? Majina hatuyaoni, lakini toleo tunaliona. Nimetazama. Robo nzima ya watu wetu bado wako kwenye toleo la sita. Hawakuhama. Maiti uliyemzika anakwenda kazini kila siku."

"Haiwezekani. Nimeuliza! Hakuna aliyepinga!"

"Uliuliza kama Mzungu, Mbak. Unakaa na wale wa mtandaoni wanaogombana mchana kutwa juu ya nukta na mkato, mpaka umesahau ulikozaliwa. Nani amewahi kukujibu 'hapana' katika mji huu? Muuza serabi zikimwishia husema zinakuja. Fundi asiyejua kazi husema kesho. 'Hapana' ni neno la ndani ya nyumba, la mama na mtoto wake. Wewe umekwenda kuliomba barabarani."

Kinasih alitafuna serabi ya pili bila kuisikia ladha. Ilikuwa kweli tupu. Mwisho akapiga moyo konde. "Nitakwenda nyumba kwa nyumba," alisema. "Nitakunywa chai yao yote mpaka niambiwe."

Alianza kwa Pak Jumeri, mkodishaji maturubai, kwa kuwa alijua fika kwamba kompyuta ya mzee huyo ni kuukuu. Pak Jumeri alimpokea kwa vicheko. Petung? Nzuri sana! Toleo jipya? Zuri mno, Mbak ana kipaji, wazazi wake wana bahati. Kinasih alikunywa bilauri mbili, akala ndizi za kukaanga, akasikia habari za wajukuu wote. Kisha akaaga, akatoka, akavaa ndala moja, akajifanya ya pili haimwingii.

Pak Jumeri alikohoa. "Eh, Mbak. Ni kitu kidogo tu, wala usikijali. Ile Petung mpya haikuingia kwangu. Yalitokea maandishi mekundu, ya Kiingereza. Nikabonyeza OK, ikanyamaza. Nami nikanyamaza. Siku hizi nahesabu kwa vidole, mke wangu ananisahihisha."

"Samahani sana, Pak. Kosa ni langu."

"La, la, kosa gani!" Pak Jumeri akazidi kulishika lango. "Na pole kwa habari ya lile turubai."

"Turubai gani?"

"Lenu, la Ijumaa jioni. Bu Warsi alipita akasema niwape wengine wanaolihitaji. Hakusema sababu, nami sikuuliza. Nani aulize jambo kama hilo?"

Kinasih aliivaa ile ndala ya pili bila kujua mguu gani. Kumbe mambo yamefika huko! Turubai limefutwa, na bibi harusi anaambiwa barabarani na mwenye turubai. Hofu ikampanda, kisha hasira ikaja juu ya hofu, na ikawa heri, kwa sababu hasira ndiyo iliyomwashia pikipiki mpaka Laweyan.

Bu Warsi alimpeleka sebuleni. Bilauri ikaja, na kifuniko chake. Kinasih akainywa chai yote hata ikamwunguza ulimi, akasifu chai, akasifu mapazia, akauliza habari za mvua. Kisha akaaga, ingawa alikuwa hajamaliza hata kukaa vizuri. Bu Warsi akamsindikiza. Kinasih akavaa ndala moja, akashika lango, akasimama hapo. Safari hii hakujifanya chochote. Alisimama tu kwa mguu mmoja, kimya, akimtazama mama yake Galih usoni.

Jirani mmoja aliyekuwa akifagia akaacha kufagia.

"Mimi sina kinyongo nawe, Mbak," Bu Warsi alisema hatimaye. "Nataka ujue hivyo. Wengine wangesema mbele za watu, wakatuvunjia heshima. Wewe umesema kwa mashine, polepole, nikaelewa mimi peke yangu. Nikamwambia Galih asikulazimishe."

"Bu, nimesema nini?"

"Usinitie aibu ya kulitaja."

"Litaje, Bu. Nakuomba. Nimesema nini?"

Bu Warsi alirudi dukani akatoka na kadi moja. Ilikuwa nzuri, ya rangi ya krimu, jina lake na la Galih yamepambwa kwa dhahabu. Chini yake ilikuwa imeandikwa siku ya ndoa kwa hesabu ya Kijava. Ijumaa Legi.

"Wewe mwenyewe ulitangaza," alisema Bu Warsi. "Tusiongeze siku kwa mkono, Petung inajua. Nikaiachia ijue. Nikaiandikia: Ijumaa, baada ya magharibi. Ikanijibu siku aliyokufa mume wangu. Nikajiuliza, Kinasih haijui siku hiyo? Anaijua, amekaanga kerupuk kwa mikono yake. Na Petung ni kazi ya nani? Ya Kinasih. Nikasema basi, huyu binti hataki tena, anaona haya kutamka. Angefanyaje tena, maskini, kwa adabu zaidi ya hivyo?"

Kinasih aliigeuza kadi, akaigeuza tena.

"Bu, mimi ningekuwa simtaki Galih si ningesema!"

"Nani husema?" Bu Warsi aliuliza kwa mshangao wa kweli.

Ndala ikaruka upande wake. Kinasih aliingia dukani pekupeku, akakaa mbele ya kompyuta, ile kuukuu yenye kioo kinene, akabonyeza hapa na pale mpaka maandishi mekundu yakajitokeza.

"Na hii, Bu?"

"Hiyo ilitokea siku ulipotuambia tubonyeze. Kiingereza. Chini palikuwa na OK, nikaibonyeza OK."

"Inasema kompyuta hii haiwezi kupokea Petung mpya. Kwa hiyo imebaki na ile ya zamani, Bu, ile isiyojua magharibi! Ile ya kuongezwa siku kwa mkono! Petung haijasema Jumamosi Pahing kwa sababu haijui jua limezama, basi. Mimi sikusema kitu!"

"Haiwezi?" Bu Warsi aliinama akaitazama. "Sasa kama haiwezi, mbona inasema OK?"

"Inakuuliza wewe kama ni OK."

"Eee! Na mimi nikajua inanipa pole."

Hapo Kinasih alicheka, akalia, akacheka tena, mambo yote mawili kwa wakati mmoja. "Kwa nini hukuniuliza, Bu? Nilisema mwenye pingamizi aseme!"

"Lakini mimi sikuwa na pingamizi, Nduk," alisema Bu Warsi. "Nilikuwa na kompyuta ya zamani tu."

Kinasih aliyatazama tena maandishi yale mekundu. Alikuwa amesoma hoja nyingi za watu wa mbali juu ya lini toleo la zamani liachwe: likifikisha miaka kadhaa, likiachwa na waliolitunga, watumiaji wake wakipungua kiasi fulani. Zote zilikuwa na akili. Lakini hakuna hata moja iliyomfikiria mtu anayekubaliana nawe kwa moyo mweupe huku akiachwa nyuma. Aliona haya, haya ya kweli, na haikumdhuru.

Alimpigia Teguh simu. Wakalifufua toleo la sita pale pale dukani, Teguh akiamuru kutoka mbali huku akitafuna kitu. Kile kifaa kipya cha kujua machweo hakikuwemo kwenye toleo la zamani, lakini Kinasih akaona hakihitajiki. Jua la Solo halina visa; mwaka mzima huzama karibu saa ile ile. Ilitosha kuandika jedwali dogo la miezi, kwa mkono, mistari michache iliyojaa kwenye kioo kimoja.

"Kwa hiyo wakati wote huu tungeweza kulitengeneza bila kumzika mtu," alisema Teguh kwenye simu.

"Nyamaza, Guh."

"Nimenyamaza. Ila wali wa maziko ulikuwa mtamu."

Bu Warsi akaandika upya: Ijumaa, baada ya magharibi. Petung ikafikiri kama inavyofikiri kompyuta ya umri ule, kisha ikajibu Jumamosi Pahing. Bu Warsi aligusa kioo kwa ncha ya kidole. Halafu akampigia Galih, na kabla hajamaliza kueleza Galih alikuwa amekwisha anza kucheka, mpaka ikabidi simu iwekwe mezani imsubiri. Akampigia na Pak Jumeri kuomba radhi na kuuliza kama turubai limekwisha chukuliwa. Turubai lilikuwepo. Wateja wawili walilitaka siku ile, na wote wawili Pak Jumeri aliwaambia litakuja. Alikuwa hajaamini kwamba harusi imevunjika.

Jioni hiyo hiyo tangazo jipya likawekwa kwenye ukurasa wa Petung. Lilisema kwamba kuanzia sasa toleo la zamani halitaachwa kwa kuuliza nani anapinga. Litaachwa pale wenye Petung watakapokuwa wamefika kwa wanaolitumia, wakanywa chai, wakasindikizwa mpaka langoni, na wakaondoka bila kuambiwa kitu.

"Na wale wa Sumatra?" Teguh alitaka kujua. "Na wale Wajava wa Suriname?"

"Tutawapigia simu, na tutaaga mara tatu tatu."

Zilipoanza kuchapwa kadi, Kinasih alikuwa palepale, amekaa juu ya rundo la karatasi akikunja bahasha. Mashine ilikuwa ikinguruma, na Bu Warsi ameipa mgongo dunia nzima. Kinasih akaona ni wakati mzuri.

"Bu," alisema, "harusi ikishapita, nikikuletea hapa kompyuta mpya, nzuri, tena nikuwekee kila kitu mwenyewe, si nitaweza kuliacha toleo la sita?"

Bu Warsi hakugeuza kichwa.

"Hapana," alisema.

Kinasih aliacha kukunja. Aliingoja samahani, akaingojea "labda", akaingojea "tutaona". Haikuja hata moja.

"Hii aliinunua baba yake Galih," Bu Warsi aliendelea, akisawazisha karatasi zake. "Itafanya kazi mpaka ife yenyewe. Na usikae hapo unanitazama, umenizibia mwanga. Chai iko jikoni, Nduk, jitengenezee."

Kinasih aliinuka akaenda jikoni pekupeku, akaichukua sukari pale pale ilipokuwa siku zote.